Rufaa

Darasani kwangu, Tudor, D ni mtoto wa kuitiwa mzazi.
Kwa almasi D ndiyo ya kwanza,
nyeupe isiyo na la kujitetea.
Kisha zinashuka, E, F, G,
mpaka huko chini jiwe linapogeuka samli.

Pete ya mama imepata K.

Bi Hetal alisaini, akapiga muhuri,
akanisukumia cheti juu ya kioo cha meza,
ghorofa ya tatu, Barabara ya Nkrumah,
feni ikigeuza kichwa kama mtu anayekataa.

Nikamwonyesha risiti ya baba, karani wa bandarini,
mwaka sabini na tisa, wino wa zambarau: G.
Nikahesabu kwa vidole mbele yake.
Ngazi nne. Jiwe limeshukaje ngazi nne
na kidoleni halijatoka?

Miaka ishirini na miwili nasahihisha mitihani.
Najua herufi inavyotolewa saa tano za usiku,
stima imekatika, rundo halipungui,
mtoto akabeba kosa la aliyemtangulia.
Wazazi wamenijia na daftari kwapani,
nami nimewatazama hivi hivi
alivyonitazama yule binti, kwa adabu, bila kusogea.

"Hebu tazama tena," nikasema. Sauti ilikuwa yao.

Hakukasirika. Akatoa mawe yake ya kupimia,
matano, kama punje za mtama uliopepetwa,
akayalaza kifudifudi kwenye karatasi nyeupe,
akawasha taa aliyosema ni sawa na mchana.
Mchana wa wapi? nikauliza.
Wetu ukifika chumbani umeshapita
kwenye kuta za chokaa, chandarua, pazia la jirani.

Akacheka kidogo.
"Dhahabu huliazima jiwe rangi yake.
Likiwa ndani ya pete, mimi nakisia.
Ukitaka hakika, nilitoe."

Twaha ameshapiga simu mara mbili kutoka Jomvu.
K na G si pesa moja.
Mafungu mawili yake, moja langu.

Nikasema, litoe.

Koleo dogo. Meno manne yakafunguka
moja moja, kama shahidi anayelazimishwa kutamka.
Na chini ya jiwe, kwenye kikalio chake,
ukoko.
Bi Hetal akaukwangua kwa sindano, ukadondoka karatasini,
akainamia lenzi, akasema neno la kazi yake:
"Manjano."

Yeye alimaanisha rangi.
Mimi nilisikia kiungo.

Baba alipofariki, mama alikaanga bajia Kibokoni,
unga wa dengu, pilipili, manjano,
mkono mzima ndani ya beseni,
na pete hakuivua hata siku moja.
Ikivuliwa mara moja, alisema, itajua njia.
Manjano kwenye kucha. Kwenye upindo wa leso.
Kwenye ukingo wa daftari langu la hesabu,
na mwalimu wangu akauliza, huyu anasomea jikoni?
Ndiyo, mwalimu. Jikoni.
Noti za ada yangu ya chuo zilinuka bajia
hata mhasibu akazihesabu mara mbili.

Jiwe likaoshwa, likalazwa peke yake
kati ya mawe matano yasiyo na mama.
"H," alisema Bi Hetal. "Labda G, kwa macho ya asubuhi."
Akaandika cheti kipya. Muhuri.

Nimeshinda rufaa. Twaha atafurahi.

Nikaomba karatasi. Akanipa cheti.
Siyo hiyo, nikasema. Ile uliyokwangulia.

Akanitazama. Akaikunja mara nne bila kuuliza,
nami nikaitia ndani ya risiti ya baba,
nikashuka ngazi nikishika ukuta,
na mpaka Buxton nilikuwa nawaza
hii nayo tutaigawaje,
mawili yake, moja langu.